Jumapili Baiskeli Zilipotoka Juu

Mireille Gaudry hakuwa mtu wa kukaa. Waliomzoea walijua kwamba ukimkuta ameketi, basi anaumwa. Kahawa yake aliinywa wima, bakuli mkononi, mgongo kwenye jiko la kuni, macho dirishani. Mumewe Régis alizoea kuwaambia wenzake kwamba alikwenda kutafuta mke akarudi na mlinzi. "Huyu," alisema, "hata paka wa jirani akipita, anajua kama ameshiba au ana njaa."

Nyumba yao ilikuwa ya mwisho kijijini Chaumeray, katika vilima vya Morvan, pale lami inapokomea na njia ya changarawe kuanza kupanda msituni. Njia hiyo zamani ilikuwa ya matrekta na malori ya magogo. Kisha, miaka sita hivi iliyopita, zikaanza kupita baiskeli. Si zile nyembamba za lami, ambazo wenyewe huogopa hata kokoto. Hizi tairi zake ni nene, usukani umepinda kama pembe za kondoo dume, na waendeshaji wake wanapenda palepale ambapo mtu mwenye akili angepakwepa: kwenye mawe, matope na mizizi. Walitoka Dijon, walitoka Paris, wengine Ubelgiji. Wote, kabla ya kuanza kupanda, walisimama kwenye bomba la Mireille kujaza chupa zao, na yeye aliwatazama mmoja mmoja kuanzia viatu hadi helmeti.

"Leo wanawinda huko juu," aliwaambia Jumapili za msimu. "Zungukeni kwa daraja."

Nao walizunguka. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Ofisi ya meya haikumjua kwa kazi hiyo wala hakuwahi kuiomba. Lakini alijua kwamba kibao cha wawindaji ni kidogo, kimechakaa, na mtu anayepanda huku anahema hasomi vibao. Bora asikie sauti ya mtu.

Wasiwasi huu hakuuokota njiani, aliurithi. Bibi yake alilea watoto wa serikali, wale waliokuwa wakiletwa Morvan kutoka Paris kwa treni, kila mmoja na namba yake shingoni. Alilea kumi na mmoja, na mmoja wao alizama kwenye bwawa la kinu akiwa na miaka minne. Tangu siku hiyo bibi aliwahesabu kila jioni kwa kugusa vichwa. Walipokua na kuondoka wote, aliendelea kuhesabu, akigusa migongo ya viti. Mireille aliyaona hayo akiwa mtoto, akayameza, na yakakaa. Shule aliiacha na miaka kumi na sita, akaingia kwenye mashamba ya misonobari ya Krismasi, na mpaka leo kila Novemba husimama kwenye baridi akiivisha miti nyavu ili ipakiwe malori. Mikono yake hunuka utomvu hadi Februari. Mtoto alijaliwa mmoja tu, Coralie, na kwa mtoto mmoja alihofia hofu ya kumi na mmoja.

Coralie sasa alikuwa na miaka ishirini na minne, fundi wa baiskeli mjini Autun, na ndiye aliyekuwa akichora njia. Aliunganisha vijia vya msitu, barabara za magogo na mitaro ya zamani ya mashamba, kisha Jumapili ya pili ya kila mwezi aliwaongoza watu kilomita sitini wasione gari hata moja. Baba yake, Régis, ndiye alikuwa kiongozi wa wawindaji wa kijiji. Kwa hiyo ndani ya nyumba moja kulikuwa na serikali mbili zinazogombania msitu mmoja, na Mireille katikati akimwaga mchuzi sahani zote mbili.

"Wapita njia wenu wananifukuzia nguruwe," Régis alisema mezani.

"Na risasi zenu zinanifukuzia wateja," Coralie alijibu.

"Kuleni," Mireille alisema.

Mwishowe walikubaliana. Siku ya msako wawindaji wataweka vibao, na waendesha baiskeli wakiona kibao watazunguka. Ilikuwa ahadi nzuri. Kila upande uliishika, na kila upande ulilala ukijua mwenzake ameishika.

Jumamosi moja ya Oktoba mgongo ulimshika Régis, akashindwa kuinama. Mireille akavitwaa vibao vitatu na nyundo, akaenda kuvipigilia mwenyewe. Alivipigilia pale vilipopigiliwa siku zote, pale ambapo baba mkwe wake alivipigilia na babu wa mume kabla yake: mwanzo wa njia, hapo chini, vikitazama kijiji. Watu hutoka kijijini. Huko juu, ng'ambo ya kilima, ni msitu wa kata nyingine, na tangu Chaumeray iwe Chaumeray hakuna aliyewahi kuja kutoka huko isipokuwa mbweha.

Jioni ile Coralie alipiga simu.

"Mama, kesho tunapita kwako. Kama saa tano hivi. Tupo saba."

"Mtakula?"

"Kahawa tu."

"Kahawa tu haijai tumbo. Nitakaanga chapati za nyama."

"Haya, kaanga. Baba anawinda?"

"Anawinda. Lakini..."

"Basi nikiona kibao tutazunguka. Usianze, mama."

"Sijaanza kitu."

"Nimekusikia unavuta pumzi."

Wakacheka wote wawili, simu ikakatika. Mireille akabaki na pumzi yake.

Jumapili kulipambazuka na ukungu. Régis aliondoka saa moja, mgongo umefungwa kitambaa cha sufu, akielekea kibanda cha wawindaji ambako wangekula soseji, kunywa mvinyo mweupe na kugawana vituo. Wapigaji kumi na wawili wangejipanga kwenye barabara ya magogo katikati ya mlima, na wafukuzaji wanne wenye mbwa wangetembea wakishuka kutoka juu, wakiwasukuma nguruwe kuelekea kwenye mstari. Msitu wote wa juu ya barabara ungekuwa kama mfuko, na bunduki mdomoni mwake.

Saa nne kasoro robo Mireille alisikia pembe, mlio mmoja mrefu. Msako umeanza. Aliendelea kukoroga unga. Aliukoroga mpaka ukawa laini, akaendelea kuukoroga. Akaenda dirishani. Akarudi. Akakata nyama ya mgongo vipande, akaona ni vikubwa, akavikata tena. Kwa hesabu yake Coralie na wenzake wangefika kwenye bomba saa tano, kabla ya kupanda, naye angewashika pale, angewalisha, angewaelekeza darajani. Hakukuwa na la kuhofia. Hilo ndilo lililomsumbua, maana kwa kawaida alijua anahofia nini.

Saa nne na dakika kumi baiskeli moja ikaingia uani. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, matope hadi masikioni, jina lake Bastien, kutoka Auxerre.

"Shikamoo mama. Hapa ndipo kwa mama yake Coralie?"

"Ndipo. Wenzako wako wapi?"

"Nilipata pancha asubuhi, wakanitangulia. Nikaona badala ya kuwafukuza, bora nije huku mwisho niwapokee."

"Mwisho? Huku ni mwanzo wa mlima, baba. Wanafika hapa halafu ndio wanapanda."

"Hapana, mama. Hiyo ni njia ya mwaka jana." Bastien alipangusa kioo kidogo cha ramani kilichofungwa kwenye usukani wake, akamwonyesha mstari mwekundu na vishale vyake. "Mwaka huu kaigeuza, na leo ndiyo mara ya kwanza tunaipita. Kupanda kule kulikuwa na matope sana, watu walikuwa wanasukuma baiskeli. Sasa tunapandia upande wa pili, tunashukia huku. Raha tupu, mteremko kilomita sita. Saa hizi watakuwa wameshafika kileleni."

Mireille alitazama vishale. Macho yake hayakuwa ya kusoma ramani, lakini kishale hakihitaji shule. Vilikuwa vinashuka. Vilitoka msitu wa kata nyingine, vikaingia kwenye mfuko kwa juu, vikateremka moja kwa moja hadi kwenye mdomo.

"Vibao," alisema.

"Vibao gani?"

"Vinatazama huku."

Bastien hakuelewa, na Mireille hakuwa na muda wa kumwelewesha. Alipiga simu ya Coralie; haikuita. Huko juu mtandao hauna makao. Alipiga ya Régis, ikalia chumbani, ndani ya suruali ya jana. Akapiga tena ya Coralie, kana kwamba safari hii msitu ungemwonea huruma.

"Mama, kuna nini?"

"Wanapiga risasi huko."

Uso wa Bastien ulibadilika chini ya matope. "Nipande? Nina mguu wa haraka, dakika ishirini nitakuwa..."

"Upande uwe nguruwe wa saba? Kaa hapa! Yeyote atakayetaka kupanda, mlaze chini umkalie."

Alivaa kizibao cha rangi ya machungwa cha Régis cha akiba, kikamfika magotini. Ukutani, juu ya makoti, ilining'inia pembe ya ng'ombe ya marehemu baba mkwe, yenye mdomo wa shaba. Mireille aliijua vizuri. Alipoolewa, mzee alimfundisha kuipiga ili awaite wanaume shambani chakula kikiwa tayari, mlio mmoja mfupi, na akamwonya: isipigwe kamwe msimu wa kuwinda. Msimuni pembe si ya jikoni. Mlio mmoja mrefu ni kuanza. Mitatu mirefu ni mwisho, na mwisho ukishapigwa kila mpigaji lazima avunje bunduki yake, yaani aikunje kwenye bawaba ifunguke, atoe risasi, kisha aupeleke mlio kwa jirani yake, na jirani kwa jirani, mpaka mstari wote ujue. Hakuna anayeuliza nani kaanza. Ndiyo sheria iliyowazuia watu wa Chaumeray kuzikana.

Akaitungua.

Gari lao dogo jeupe lilipanda likirusha kokoto hadi kwenye kizuizi cha chuma cha watu wa misitu, na hapo kilikuwa kimefungwa kwa kufuli. Akashuka, akapita chini yake kwa kutambaa, akaanza kupanda kwa miguu. Miaka hamsini na mitatu, viatu vya jikoni. Ukungu ulikuwa umekaa kati ya misonobari kama maziwa yaliyoganda. Alisikia mbwa mbali upande wa kushoto, kisha karibu zaidi. Kisha risasi moja. Alisimama. Mwili mzima ukawa sikio. Hakusikia kelele ya mtu. Lakini mtu si lazima apige kelele.

Aliinua pembe, akapuliza. Ikatoka sauti ya ndama aliyekwama matopeni. Midomo ilikuwa imekauka. Akailamba, akakumbuka mzee alivyomwambia: usipulize kwa mashavu, binti yangu, puliza kwa tumbo, kama unayemwita mtu usiyemwona. Akapuliza tena.

Mlio mrefu ukapanda mlima. Akavuta pumzi. Wa pili. Macho yalikuwa yanaona nyota, lakini wa tatu nao ukatoka, mrefu kuliko yote, hadi mwisho ukachanika.

Kimya. Kisha, kutoka kwenye mstari, pembe moja ikajibu, mara tatu. Mbele yake nyingine, mara tatu. Halafu nyingine, ndogo, ya mbali. Mlio ulikimbia kwenye barabara ya magogo kutoka mtu hadi mtu, na katikati yake Mireille aliisikia sauti aliyoitaka, ndogo na kavu: bunduki zikivunjwa.

Alipofika barabarani wanaume walikuwa wameanza kutoka kwenye vituo vyao, bunduki zimefunguliwa mikononi, wanatazamana. Wa kwanza kumwona alikuwa Fernand, mwoka mikate mstaafu.

"Mireille! Chakula kimeiva?"

Wengine wakaangua kicheko. "Leo ni nini, supu?" "Mwambieni Régis, mkewe kamwita!" "Nguruwe dume mkubwa kama friji kanigeukia hapo, hatua kumi tu! Nitakula pembe yako badala yake?"

Mireille alikuwa anatazama juu, pale njia nyembamba inapotokea kwenye kangaga nyekundu za vuli, vichaka vya urefu wa kiuno, na kukata barabara ya magogo.

Régis alikuja akitembea kwa haraka ambayo mgongo wake haukuiruhusu, uso mwekundu kuliko kizibao. "Nani kapiga mwisho? Mimi sijapiga mwisho! Wafukuzaji wangu wapo nusu ya..." Akamwona mkewe na pembe ya baba yake. "Wewe?"

"Mimi."

"Umechanganyikiwa? Mbele ya watu wote? Unajua ulichofanya?"

"Coralie yumo humo ndani."

"Coralie atakuwaje humo ndani na vibao..."

Hakumaliza. Juu yao, ndani ya ukungu, kulisikika mlio mwingine, mwepesi, kama mvua kwenye bati. Changarawe chini ya tairi. Breki zikalia. Coralie akachomoza kwenye kangaga wa kwanza kabisa, amevaa fulana ya kahawia, kichwa kimeinama, na nyuma yake wengine watano, wakicheka kwa sauti ya watu walioshuka mlima kwa kasi. Aliona kundi la wanaume wa rangi ya machungwa wamesimama kimya, akabana breki, baiskeli ikateleza kwa ubavu.

"Mbona mmesimama hivyo?" alisema. "Nani kafa?"

Fernand alivua kofia, akaikunja, akaivaa tena.

Mireille aliwahesabu. Sita. Na Bastien uani, saba. Akawahesabu tena kwa kunyoosha kidole, kama bibi yake. Halafu akakaa palepale, juu ya gogo lenye maji. Régis alishtuka kuliko alivyoshtuka kuiona pembe. Hakuwahi kumwona mkewe akikaa mbele za watu.

"Mama? Mama, unaumwa?"

"Uligeuza njia."

"Nini?"

"Uligeuza njia bila kuniambia!"

"Nilitangaza kwenye ukurasa wetu tangu Agosti! Watu mia nne wameona!"

"Mimi niko kwenye ukurasa? Mimi niko dirishani!"

"Sikuona kibao, mama. Nilitafuta. Naapa nilitafuta, kule kileleni, kila mti. Nikasema basi hawawindi upande huu. Hata hapo kwenye kangaga nimesimama kuwangoja hawa, sikuona kitu."

"Vibao vipo," Régis alisema taratibu. "Huku chini."

"Nilivipigilia mimi," Mireille alisema. "Vinatazama kijiji."

Coralie alimtazama mama, akamtazama baba, akautazama ule mstari wa wanaume wenye bunduki zilizovunjwa. Ndipo alipoelewa alikotoka. Aliishusha baiskeli chini polepole, kama kitu kinachoweza kulipuka.

Hakuna aliyewinda tena siku hiyo. Régis aliwakusanya wafukuzaji na mbwa, na wanaume wakateremka wawili wawili. Yule wa nguruwe kama friji alijaribu kuleta mzaha mara moja tu, Fernand akamwambia, "Funga mdomo, we bwana."

Waendesha baiskeli walikula chapati zote za nyama jikoni kwa Mireille, wakisema asante kila baada ya tonge kama wako kanisani. Kisha wakaondoka kwa barabara ya daraja. Coralie alibaki. Alisema anabaki kuosha baiskeli. Alikuwa uani amechuchumaa, akiusugua mnyororo kwa brashi, na alikuwa akisugua mahali pamoja kwa muda mrefu. Régis alikwenda kwa meya, kuhusu vibao vya kilele, alisema. Lakini Mireille alijua kwamba amekwenda kutembea tu.

Ndipo Armand akaingia. Alikuwa kaka mkubwa wa Régis, mjane wa miaka sitini na tisa, mtu mkubwa wa mikono mizito. Ndiye aliyemfundisha Coralie kuendesha baiskeli, kwenye uwanja wa mpira, akikimbia nyuma yake ameshika kiti. Kituo chake asubuhi ile kilikuwa pale njia inapotokea kwenye kangaga. Aliingia bila kubisha, kama kawaida yake, lakini alikwenda kukaa mezani bila kuvua viatu, na hiyo haikuwa kawaida yake.

"Kahawa, shemeji?"

"Sitaki."

Mireille aliweka bakuli chini. Armand hakuwahi kuikataa kahawa katika miaka thelathini.

"Niliona kahawia," Armand alisema. "Inashuka kwenye kangaga. Inakuja kasi, chini chini, kangaga zinafunguka."

Mireille alishika mgongo wa kiti.

"Niliona nguruwe. Nakuapia, shemeji, mbele ya kaburi la mke wangu Lucette. Si kwamba nilidhani. Nilimwona. Mgongo wake, nywele zake. Nikainua bunduki."

"Umbali gani?"

"Usiniulize."

"Nakuuliza."

"Hatua arobaini." Alitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine aliyeisahau mezani. "Kidole kilikuwa kimeshaingia. Halafu Fernand akapiga mwisho, nyuma yangu. Nami nikavunja bunduki. Sikufikiri. Sikusema, Armand, acha. Mikono yenyewe ilivunja. Miaka hamsini inavunja ikisikia mwisho. Kama ningefikiri, ningesema, huyu mmoja tu, kisha nitavunja. Kila mtu husema hivyo. Ungekuwa umechelewa pumzi moja..."

"Nilikosea mlio wa kwanza," Mireille alisema. "Ulitoka vibaya. Nikarudia."

 Mireille alifikiri atalia, au atapiga kelele, au ataokota kitu amtupie mtu huyu mkubwa. Hakufanya hata kimoja. Alichoona ni uwanja wa mpira, na Armand anakimbia nyuma ya baiskeli ndogo ya bluu, anahema, hataki kuachia kiti ingawa mtoto anapiga kelele aachie.

"Umemwambia Régis?"

"Bado. Nimekuja kwako kwanza. Kesho napeleka leseni mjini, sitaki tena. Lakini nikasema... nikasema labda si lazima yule mtoto ajue. Kitu hakikutokea. Ukisema tutanyamaza, tutanyamaza."

Mireille alitazama dirishani. Coralie alikuwa bado anasugua mnyororo uleule. Ingekuwa rahisi. Yeye alikuwa mzoefu wa kubeba hofu peke yake, alikuwa na mgongo wake, angeongeza na hii. Na Jumapili ijayo msichana angepanda baiskeli yake mwepesi, akicheka, na mama angebaki dirishani na hatua arobaini kifuani, akivuta pumzi kwenye simu, na kuambiwa usianze, mama.

"Utamwambia wewe," alisema.

"Shemeji..."

"Si mimi. Mimi nikimwambia atasema ni mambo yangu. Nenda umwambie kama ulivyoniambia mimi. Na nywele za nguruwe, umwambie. Na fulana yake, umwambie rangi."

"Atanichukia."

"Inawezekana."

Armand alisimama. Kiti kililia. Akatoka, akaufunga mlango taratibu sana, kama watu wanavyofunga mlango wa chumba chenye mgonjwa.

Kupitia kioo Mireille alimwona akivuka ua, akisimama hatua chache kutoka kwa Coralie, kofia mkononi. Alimwona msichana akiinua uso, akitabasamu kidogo, akisema kitu, pengine mzaha. Alimwona Armand akiongea. Hakusikia neno. Brashi iliendelea kwenda, ikaenda polepole, ikasimama. Coralie alishusha macho kwenye fulana yake ya kahawia, akaishika kwa vidole viwili kifuani, akaivuta mbele kidogo, akiitazama kana kwamba amevalishwa na mtu. Kisha akakaa chini kwenye mawe yenye maji. Armand akabaki wima juu yake, hajui aondoke au abaki, mikono inaning'inia.

Mireille alikuwa ameshafika mlangoni. Mkono wake ulikuwa kwenye kitasa, na kila mfupa wa mwili wake ulikuwa unamwambia toka, toka umshike, na kitu kingine, kidogo na kigeni kwake, kilikuwa kinamwambia subiri. Akasubiri. Akahesabu. Uani, msichana aliunyoosha mkono bila kutazama juu, akaikamata suruali ya Armand pale gotini, na kuivuta mpaka mzee naye akainama, akainama, akakaa kando yake kwenye mawe, kwa shida, kama ngamia.

Hapo ndipo Mireille alipofungua mlango.